Bei ya Kweli ya Simu: Hesabu ya Punguzo na Mkataba

Utangulizi

Tarehe 11 Julai 2008 kampuni ya Apple ilianza kuuza simu yake ya pili, iPhone 3G. Nchini Marekani simu hiyo iliuzwa pamoja na mkataba wa miaka miwili wa kampuni ya simu ya AT&T. Simu yenye nafasi ya gigabaiti 8 ilitolewa kwa dola 199, hali simu iliyoitangulia, yenye nafasi ileile, ilikuwa imeuzwa kwa dola 399. Kwa mtu aliyesimama mbele ya dirisha la duka, jambo lilionekana wazi: simu mpya ilikuwa bora kuliko ya zamani, na bei yake ilikuwa nusu.

Lakini nyuma ya bei ya simu ilikuwapo ada ya kila mwezi. Mwenye simu ya kwanza alilipia huduma ya data dola 20 kwa mwezi, na ujumbe mfupi 200 ulikuwa ndani ya ada hiyo. Mwenye simu mpya alitakiwa kulipa dola 30 kwa mwezi, na ujumbe mfupi haukuwamo. Tofauti ni dola 10 tu kwa mwezi. Ila katika miezi 24 ya mkataba tofauti hiyo hufikia dola 240. Basi mnunuzi aliyeokoa dola 200 dukani alilipa dola 240 zaidi kabla ya mkataba wake kwisha. Simu iliyoonekana kuwa ya nusu bei ilimgharimu dola 40 zaidi ya ile iliyotangulia.

Haina maana kwamba mnunuzi huyo alidanganywa. Masharti yote yalikuwa yameandikwa, na mtandao wa simu mpya ulikuwa wa kasi zaidi. Kilichokosekana kwa wengi ni hesabu, nayo ni hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuifanya kwa kutumia kuzidisha, kujumlisha na mlinganyo wa mstari. Somo hili linaeleza jinsi punguzo la simu linavyofungamana na mkataba, na jinsi ya kupima kama punguzo hilo ni faida au ni gharama iliyobadilishwa jina. Mifano mingi imetolewa Marekani, kwa kuwa huko ndiko biashara ya namna hii ilikokomaa; mwishoni kanuni zilezile zitatumika kupima mipango ya kulipa kidogo kidogo iliyoenea Afrika Mashariki.

1. Punguzo lilivyobadilika sura

Katika utaratibu wa awali kampuni ya simu ilibeba sehemu kubwa ya bei ya kifaa, kisha ikairudisha fedha hiyo polepole kwa njia ya ada ya mwezi. Ili mteja asiondoke mapema, mkataba ulitaja fidia ya kuuvunja. Mathalani, mwezi Novemba 2009 kampuni ya Verizon iliweka fidia ya dola 350 kwa simu janja, ikipungua kwa dola 10 kila mwezi uliokamilika. Kama k ni idadi ya miezi iliyokwisha, fidia ni 350 − 10k. Mwanafunzi akiweka 23 mahali pa k, ataona kwamba mteja aliyebakiza mwezi mmoja tu kumaliza miaka miwili alidaiwa bado dola 120.

Utaratibu huo ulianza kuachwa mwezi Machi 2013, pale kampuni ya T-Mobile ilipoitenga bei ya simu na ada ya huduma. Verizon ilifuata mwezi Agosti 2015, na AT&T mwezi Januari 2016. Mteja akawa ananunua simu kwa bei yake kamili, akiilipa kwa awamu zisizo na riba.

Hata hivyo punguzo halikutoweka, bali lilipata umbo jingine. Leo aghalabu mteja huandikiwa deni la bei kamili ya simu, ligawanywe katika miezi kadhaa. Kisha kila mwezi kampuni humpunguzia kiasi fulani katika ankara yake. Punguzo la mwezi likilingana na awamu ya mwezi, tangazo husema kwamba simu ni ya bure. Kufikia mwaka 2022 AT&T na Verizon zote mbili zilikuwa zikiuza simu kwa awamu 36. Muda wa kifungo uliokuwa miaka miwili ukawa mitatu, ingawa neno "mkataba" halikutajwa tena kwa sauti kubwa.

2. Mlinganyo wa msingi

Ili kuliona jambo hili kwa uwazi, alama zifuatazo zitumike:

B ni bei kamili ya simu;
n ni idadi ya awamu;
H ni ada ya huduma kwa mwezi;
P ni punguzo la kila mwezi katika ankara;
k ni idadi ya miezi ambayo mteja amekaa na kampuni, isiyozidi n;
J ni jumla ya fedha alizotoa mteja mpaka siku ya kuondoka.

Awamu ya mwezi ni B/n. Baada ya miezi k mteja amelipa awamu zenye jumla ya kB/n. Akiondoka, salio la deni, yaani B − kB/n, hudaiwa papo hapo, na punguzo hukoma. Ada alizolipa ni kH, na punguzo alilopata ni kP. Kwa hiyo:

J = kB/n + (B − kB/n) + kH − kP

Sehemu mbili za kB/n hufutana, nayo matokeo ni haya:

J = B + k(H − P)

Mlinganyo huu mfupi unafichua siri ya biashara yote. Bei ya simu, B, imebaki kamili. Haikuguswa na punguzo hata kidogo. Kilichopungua ni ada ya huduma, kutoka H hadi H − P, tena kwa miezi ile tu ambayo mteja amekaa. Kwa maneno mengine, punguzo linaloitwa la simu ni punguzo la huduma. Mnunuzi hana budi kulilinganisha na ada za huduma za kampuni nyingine, badala ya kuilinganisha simu ya bure na simu ya kulipiwa.

3. Mfano wa kwanza: simu ya bure

Namba za mifano inayofuata zimebuniwa kwa ajili ya somo, lakini muundo wake ni ule wa biashara halisi. Ichukuliwe kwamba simu ina bei ya dola 720 na inatolewa kwa awamu 36, yaani dola 20 kwa mwezi. Kampuni inatoa punguzo la dola 20 kwa mwezi, kwa sharti kwamba mteja atumie huduma yake ya ada ya dola 75. Kampuni nyingine ndogo inatoza dola 50 kwa mwezi bila mkataba, ila haitoi simu.

Mbele ya mnunuzi kuna njia nne: kuchukua simu ya bure kwa mkataba, kununua simu hiyohiyo kwa taslimu na kutumia kampuni ndogo, kununua simu nafuu ya dola 300 na kutumia kampuni ndogo, au kubaki na simu yake ya zamani, kuitia betri mpya kwa dola 80, na kutumia kampuni ndogo.

Jedwali 1. Jumla ya gharama kwa dola

Njia | Mlinganyo | Miezi 12 | Miezi 24 | Miezi 36
Mkataba | 720 + 55k | 1,380 | 2,040 | 2,700
Simu ileile kwa taslimu | 720 + 50k | 1,320 | 1,920 | 2,520
Simu nafuu | 300 + 50k | 900 | 1,500 | 2,100
Simu ya zamani, betri mpya | 80 + 50k | 680 | 1,280 | 1,880

Simu ya bure ndiyo yenye gharama kubwa kuliko njia zote, katika kila safu ya jedwali. Kwa miezi 36 inazidi simu ileile ya taslimu kwa dola 180, na inaizidi simu ya zamani kwa dola 820. Sababu imekwisha kuonekana: H − P ni 75 − 20, yaani dola 55, nayo ni zaidi ya dola 50 za kampuni ndogo.

Kanuni inayotokana na hapo ni rahisi. Ikiwa H' ni ada ya kampuni nyingine inayotosha mahitaji ya mteja, mkataba humfaa kuliko kununua simu ileile kwa taslimu pale tu ambapo H − P ni ndogo kuliko H'.

Maneno "inayotosha mahitaji" yana uzito. Mtu anayeishi mahali ambapo mawimbi ya kampuni moja tu ndiyo yanayofika hana H' ya kulinganisha. Yeye angelipa dola 75 kwa vyovyote, na kwake punguzo la dola 720 ni faida ya kweli. Kadhalika familia iliyokwisha kujiunga pamoja kwa ada ya kundi huenda ikawa na H ndogo kuliko ya mtu mmoja mmoja. Hesabu haisemi kwamba mikataba yote ni mibaya. Inasema kwamba jibu hutegemea namba za mnunuzi mwenyewe.

Kuna pia gharama zisizotokea katika tangazo. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani kodi ya mauzo hukokotolewa juu ya bei kamili ya simu, si juu ya bei baada ya punguzo. Mahali ambapo kodi ni asilimia 8, mwenye simu ya bure hutoa dola 57.60 siku ya kwanza. Ada ya kuunganishwa na bima ya simu nazo zijumlishwe katika J pale zinapodaiwa.

4. Mfano wa pili: uwezekano wa kutomaliza

Sasa ichukuliwe kwamba kampuni kubwa, kwa sababu ya ushindani, imeshusha ada yake hadi dola 55, na punguzo la dola 20 limebaki. H − P ni dola 35, na mlinganyo wa mkataba ni 720 + 35k. Mnunuzi mwenye mapato ya kawaida anaulinganisha na simu nafuu, ambayo mlinganyo wake ni 300 + 50k.

Kwa miezi 36 mkataba unagharimu dola 1,980 na simu nafuu dola 2,100. Mkataba una faida ya dola 120, na mnunuzi anapata simu iliyo bora zaidi. Je, atie sahihi? Kabla ya kujibu, atafute mahali ambapo mistari miwili inakutana:

720 + 35k = 300 + 50k
420 = 15k
k = 28

Mwanafunzi akichora grafu, miezi ikiwa katika mhimili wa mlalo na dola katika mhimili wa wima, ataona kwamba mstari wa mkataba unaanza juu na kupanda polepole, na mstari wa simu nafuu unaanza chini na kupanda kwa kasi. Mistari hukatana katika mwezi wa 28. Kabla ya hapo, mkataba ni hasara. Faida yake yote imo katika miezi minane ya mwisho.

Mtu akilazimika kuondoka baada ya miezi 12, gharama ya mkataba ni dola 1,140 na ya simu nafuu ni dola 900. Hasara ni dola 240. Zaidi ya hayo, siku ya kuondoka atadaiwa kwa mkupuo salio la 720 − 240, yaani dola 480. Na watu huondoka lini? Wanapopoteza kazi, wanapohamia mji ambao mawimbi ya kampuni hayafiki, wanaporudi nchini kwao, au wanapougua. Deni la mkupuo huja wakati ule ambapo mkono hauna kitu.

Hapa elimu ya uwezekano ina kazi yake. Ikiwa p ni uwezekano wa kumaliza miezi 36, na kwa kurahisisha ikachukuliwa kwamba asiyemaliza huondoka mwezi wa 12, basi faida tarajiwa ni:

120p − 240(1 − p)

Ili faida hiyo iwe kubwa kuliko sifuri, 360p ni lazima izidi 240, yaani p izidi 2/3. Mwenye ajira ya kudumu na makazi yasiyobadilika anaweza kusema kwa haki kwamba p yake ni 0.9. Mwanafunzi wa chuo aliyebakiza miaka miwili, au mfanyakazi wa kibarua cha msimu, hawezi kusema hivyo. Mkataba mmoja, wenye maneno yaleyale, ni faida kwa huyu na hasara kwa yule. Tena anayeumizwa zaidi ni yule ambaye maisha yake hayana uhakika, na ndiye ambaye neno "bure" humvuta kwa nguvu zaidi.

5. Kubadilisha simu ya zamani

Matangazo mengi huahidi punguzo kubwa kwa mteja anayeisalimisha simu yake ya zamani. Hapa swali ni moja: fedha italipwa lini? Dola inayopatikana leo ina thamani kuliko dola itakayopatikana baada ya miaka mitatu, kwa kuwa ya leo inaweza kuwekwa akiba ikazaa, au kulipa deni lenye riba.

Ichukuliwe kwamba kampuni inaipa simu ya zamani thamani ya dola 180, zikitolewa kama punguzo la dola 5 kwa mwezi kwa miezi 36, na kwamba sokoni simu hiyo inanunuliwa kwa dola 160 taslimu. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, thamani ya leo ya dola 5 za kila mwezi kwa miezi 36 ni:

5 × (1 − 1.01⁻³⁶) ÷ 0.01, yaani takriban dola 150.

Dola 160 za sokoni ni bora kuliko dola 180 za ankara. Isitoshe, dola 160 zikiwa mfukoni hazipotei mteja akihama kampuni, hali punguzo lililosalia hupotea.

6. Kufuli ya simu na sheria

Mkataba hulindwa na sheria, na mara nyingi hulindwa pia na kufuli iliyomo ndani ya simu yenyewe. Kila laini ya simu hubeba namba ya utambulisho wa mteja yenye tarakimu zisizozidi 15. Tarakimu tatu za kwanza hutambulisha nchi: 639 ni Kenya, 640 ni Tanzania, 641 ni Uganda. Tarakimu mbili au tatu zinazofuata hutambulisha mtandao. Simu inapowashwa huisoma namba hiyo. Simu iliyofungwa huzilinganisha tarakimu za mwanzo na zile zilizohifadhiwa ndani yake. Zisipolingana, hukataa kufanya kazi na laini hiyo mpaka ifunguliwe na kampuni iliyoifunga.

Kwa hiyo mtu aliyetumiwa na ndugu yake simu kutoka Marekani huweza kuipokea Mwanza au Mombasa, akatia laini yake, na simu isishike mtandao. Simu si mbovu. Huenda imefungwa, na aghalabu haifunguliwi kabla ya deni lake kwisha. Yafaa jambo hili liulizwe kabla ya simu kusafirishwa.

Serikali mbalimbali zimeingilia kati. Marekani ilipitisha mwaka 2014 sheria iliyomrejeshea mteja haki ya kuifungua simu yake ili aihamishie kampuni nyingine, baada ya kutimiza masharti ya mkataba. Kanada iliagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba 2017 simu mpya ziuzwe zikiwa hazina kufuli, na Uingereza ilizikataza kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa kuanzia mwezi Desemba 2021. Nchini Japani, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2019 iliiwekea fidia ya kuvunja mkataba ukomo wa yeni 1,000, hali kabla ya hapo fidia ya yeni 9,500 ilikuwa ya kawaida katika mikataba ya miaka miwili. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mwaka 2008 ya kumlinda mlaji, humruhusu mteja kuuvunja mkataba wa muda maalumu kwa kutoa taarifa ya siku 20 za kazi, ingawa kampuni yaweza kumtoza fidia ya kiasi.

7. Je, simu itadumu kuliko deni?

Swali hili ni la kemia kama lilivyo la fedha. Betri ya lithiamu hupoteza sehemu ya uwezo wake kila inapojazwa na kutumika, kwa kuwa baadhi ya lithiamu hunaswa katika utando unaojengeka ndani ya betri na haishiriki tena kubeba umeme. Apple hueleza kwamba betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimeundwa ili zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500 kamili ya kujazwa, na zile za iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000, katika hali nzuri ya matumizi.

Miezi 36 ni takriban siku 1,095. Mtu anayemaliza mzunguko mmoja kila siku hufikisha mizunguko 500 katika mwezi wa 17, kabla hata ya nusu ya deni lake kulipwa. Joto kali huharakisha uchakavu huo. Basi atakayetia sahihi kwa miezi 36 aweke katika hesabu uwezekano wa kununua betri moja kabla ya muda huo kwisha.

Kwa upande mwingine, umri wa simu upande wa programu umerefuka. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu zake za Pixel 8 za mwaka 2023, na Samsung iliahidi vivyo hivyo kwa simu zake za Galaxy S24 za mwaka 2024. Simu ya namna hiyo yenye miaka mitatu haijazeeka. Huenda inahitaji betri tu. Njia ya nne katika Jedwali 1 isidharauliwe.

8. Kulipa kidogo kidogo Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki watumiaji wengi hulipia huduma kabla ya kuitumia, na mkataba wa miaka mitatu ni jambo geni. Hata hivyo, kuuza simu kwa awamu kumeenea. Mwezi Julai 2020 kampuni ya Safaricom ya Kenya, ikishirikiana na Google, ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mteja alilipa shilingi 20 kwa siku baada ya malipo ya mwanzo. Mipango ya namna hii imewawezesha watu wasio na akaunti ya benki wala mdhamini kupata simu ya intaneti. Dhamana ni simu yenyewe: mteja asipolipa, programu iliyomo ndani huifunga.

Hapa hakuna punguzo la ankara. Lakini swali ni lilelile, nalo ni kujua jumla. Ichukuliwe simu yenye bei ya taslimu ya shilingi 250,000 za Tanzania, inayotolewa kwa malipo ya mwanzo ya shilingi 50,000, kisha shilingi 900 kila siku kwa siku 360. Shilingi 900 ni fedha ndogo, lakini:

Malipo ya kila siku: 900 × 360 = 324,000
Malipo ya mwanzo: 50,000
Jumla: 374,000
Ziada juu ya bei ya taslimu: 124,000

Mkopo halisi ulikuwa shilingi 200,000, kwa kuwa 50,000 zililipwa siku ya kwanza. Ziada ni asilimia 62 ya mkopo huo. Tena mkopaji hakukaa na shilingi 200,000 mwaka mzima. Deni lake lilikuwa likipungua kila siku. Ukokotoaji kamili huonyesha riba ya takriban asilimia 0.29 kwa siku, yaani zaidi ya asilimia 100 kwa mwaka.

Je, ni hasara? Kwa fundi au mama lishe atakayepokea maagizo kwa simu hiyo na kupata faida ya shilingi 2,000 kwa siku, mkopo unajilipa. Kwa mtu anayeweza kujiwekea shilingi 900 kwa siku, akiba pamoja na shilingi 50,000 alizonazo zingetosha kununua simu hiyo taslimu baada ya siku 223, na shilingi 124,000 zingebaki kwake. Anacholipia ni kutosubiri siku hizo.

9. Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

(a) Jumla ya fedha zote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ni kiasi gani?
(b) Bei ya taslimu ya simu hiyo ni kiasi gani?
(c) Punguzo linatolewa lote leo au linagawanywa kwa miezi?
(d) Ni ada gani ya huduma inayotakiwa, na je, kampuni inaweza kuipandisha kabla ya mkataba kwisha?
(e) Mteja akiondoka katikati, atadaiwa nini siku hiyo?
(f) Simu imefungwa? Itafunguliwa lini?
(g) Ikiibiwa au ikivunjika, deni linaendelea?

Muuzaji asiyeweza kujibu swali la (a) kwa namba moja ameacha kazi hiyo kwa mnunuzi. Basi na aifanye kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa baada ya hapo hesabu haibadilishi kitu.

Zoezi

1. Fidia ya kuvunja mkataba ni 350 − 10k. Itafikia dola 200 katika mwezi wa ngapi?
2. Simu ya dola 600 inatolewa kwa awamu 24, kwa punguzo la dola 25 kwa mwezi na ada ya dola 70. Kampuni nyingine inatoza dola 48. Je, mkataba ni bora kuliko kununua simu ileile kwa taslimu? Mteja akiondoka mwezi wa 10, salio ni kiasi gani?
3. Mkataba wa swali la 2 ulinganishwe na simu nafuu ya dola 240 yenye ada ya dola 48. Mistari hukutana mwezi wa ngapi? Eleza maana ya jibu hilo.
4. Mkataba una faida ya dola 90 ukikamilishwa, na hasara ya dola 210 ukivunjwa. Uwezekano wa kumaliza uwe zaidi ya kiasi gani ili mkataba ufae?
5. Simu ya shilingi 180,000 inatolewa kwa malipo ya mwanzo ya shilingi 30,000, kisha shilingi 700 kwa siku kwa siku 300. Tafuta ziada, na asilimia yake ya mkopo.

Majibu: 1. Mwezi wa 15. 2. Ndiyo, kwa dola 3 kwa mwezi. Salio ni dola 350. 3. Mwezi wa 120, yaani baada ya miaka 10. Mkataba wa miezi 24 hauwezi kuifikia simu nafuu. 4. 0.7. 5. Shilingi 60,000, asilimia 40.

Kwa mwalimu: wanafunzi wakusanye matangazo ya simu yaliyobandikwa katika maduka ya mji wao, waandike jumla ya malipo ya kila mpango karibu na bei ya taslimu, na majedwali yao yabandikwe ukutani ili wazazi nao wayasome.